Umaskini "Uliokithiri" Umekithiri Nini?

Kukithiri ni kuwa kingi. Madeni hukithiri, uhalifu hukithiri. Mama anayepanga mafungu ya mboga karibu na stendi ya Babati, ambaye jioni hana unga, naye tunaandika kwamba umaskini wake "umekithiri". Tumemweleza asiye na kitu kwa neno la wingi.

Neno hilo tumelitafsiri kutoka Kiingereza cha wafadhili, ambacho kwa neno hilo kinahesabu. Benki ya Dunia huchora mstari wa dola kwa siku: ulikuwa 1.90, ukawa 2.15 mwaka 2022, na tangu Juni 2025 ni dola 3. Utafiti wetu wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulitenga viwango viwili: shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi kwa mahitaji ya msingi, na 33,748 kwa chakula peke yake. Asilimia 8 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya kiwango hicho cha pili. Wataalamu wanauita umaskini wa chakula. Istilahi hiyo naikubali, maana inataja kinachokosekana.

Kiswahili kimezoea kutaja. Fukara na maskini tumewapata kwa Kiarabu, na Kurani, Sura ya Tawba aya ya 60, inawataja mbalimbali kati ya wanaostahili zaka. Wanazuoni wamejadili karne nyingi yupi ana hali mbaya zaidi. Mlalahoi ni mwili uliochoshwa na kibarua. Asiye na mbele wala nyuma amekosa hata wa kumkimbilia, na huyo ndiye ninayemhofia zaidi.

Maneno haya yana uzito wa fedha. Kaya za mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, hupendekezwa katika mkutano wa kijiji, majirani wakisikia. Mfugaji aliyemaliza ng'ombe wote kwa ukame huenda bado ana bati juu ya nyumba, na dodoso la kuhakiki kaya litaliona bati. Kaya ikitoka kwenye mpango husemwa "imehitimu". Neno hilo la shule halimwachii mtu nafasi ya kusema kwamba mvua zilikatika na amerudi alikokuwa.

Nawaomba wanaoandaa madodoso: mkishahesabu bati na milo, muulizeni mwenye nyumba swali moja zaidi. Akiugua usiku wa leo, atamwita nani?