Fahamu: Kerneli inavyolinda kumbukumbu za programu simuni

Simu za Android zinazouzwa Darajani, Mji Mkongwe, huendeshwa na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux. Ndiyo inayoipa kila programu eneo lake la kumbukumbu, ili mchezo wa mtoto usichungulie namba ya siri ya pesa za simu.

Hata hivyo, ruhusa ya kuchungulia ipo, kwa masharti. Linux 3.2 ya Januari 2012 ilileta process_vm_readv na process_vm_writev, miito (maombi ya programu kwa kerneli) ya kusoma na kuandika kumbukumbu ya programu nyingine. Kerneli hukagua kwanza nani anaomba.

Ulinzi uliwahi kupenywa. Dirty COW, kasoro ya kerneli hiyo iliyozibwa Oktoba 2016, ilikuwamo tangu 2007 (miaka tisa!), na ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika juu ya mafaili ya kusomwa tu. Android nayo iliathirika.

Kasoro kama hizi huzibwa kwa masasisho. Simu yako haiyapokei tena? Usiweke humo programu ya benki.