Tonge, Nasaba na Urithi katika Ibada ya Shraddha ya Kihindu

Katika mapokeo ya Kihindu, kifo peke yake hakimfanyi mtu kuwa mhenga. Baada ya mwili kuchomwa, marehemu huhesabiwa kuwa preta, yaani roho isiyo na makao, mpaka jamaa zake wamtimizie ibada zinazompasa. Kilele cha ibada hizo ni sapindikarana, ambayo kwa kanuni hufanyika mwaka ukitimia, ingawa wengi huifanya siku ya 12. Tonge la marehemu hugawanywa na kuchanganywa na matonge matatu: la baba yake, la babu yake na la baba wa babu yake. Tangu hapo yeye ni pitri, na aliye wa mbali zaidi kati ya wale watatu hutoka katika safu ya wanaotolewa tonge. Mpaka huu wa vizazi vitatu unakaribiana na hoja ya John Mbiti kuhusu wafu wanaokumbukwa kwa majina katika jamii za Kiafrika; tofauti ni kwamba kwa Mbiti mpaka huwekwa na kumbukumbu ya walio hai, ilhali hapa huwekwa na kanuni.

Heshima hiyo huendelezwa kwa shraddha ya kila mwaka, na hasa katika Pitri Paksha, nusu mwezi ya mwezi unaofifia ambayo kwa kawaida huangukia Septemba na kuelekea Oktoba. Humiminwa maji yenye ufuta mweusi, matonge ya wali au ya unga wa shayiri huwekwa juu ya majani ya kusha, na kunguru hupewa sehemu yao. Mahali panapotukuzwa zaidi kwa ibada hii ni Gaya, jimboni Bihar, kando ya mto Phalgu.

Suala zito zaidi, hata hivyo, ni la nani mwenye haki ya kutoa tonge. Sheria ya Manu hulifasiri neno putra, mwana wa kiume, kuwa ni mwenye kumwokoa baba na jehanamu iitwayo Put. Katika Bengal, Dayabhaga ya Jimutavahana iliifunga haki ya kurithi na manufaa ya kiroho anayoweza kuyatoa mrithi kwa marehemu: tonge likawa hoja ya mirathi. Mitakshara, kinyume chake, ililifasiri neno sapinda kwa udugu wa mwili. Kwa hiyo mzozo kuhusu binti asiye na kaka haukuwa wa ibada tu. Ulihusu pia shamba na nyumba.

Sheria ya Urithi wa Wahindu ya mwaka 1956 iliukata uhusiano huo, ikamweka binti daraja moja na mwana wa kiume, na marekebisho ya mwaka 2005 yakampa haki ya kuzaliwa katika mali ya pamoja ya ukoo. Sheria haikugusa tonge lenyewe. Binti anaweza leo kurithi nyumba ya babaye, kisha akamtafuta binamu wa kiume wa kumtolea tonge.