Masika yanapokaribia, kagua mabomba kabla tope halijaingia

MVUA za masika zinaponyesha kwenye Milima ya Uluguru, mkazi wa Kisaki huweza kuziona athari zake kabla tone la kwanza halijaanguka kwenye paa lake. Maji ya Mto Mgeta, yateremkayo kutoka milimani, hubadilika rangi na kuwa ya udongo, huku mbingu ya Kisaki kwenyewe ikiwa bado nyeupe.

Kisaki iko kwenye tambarare za kusini mwa milima hiyo, mkoani Morogoro, mahali inapopita reli ya TAZARA, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Msomaji wa mjini asidhani kuwa jambo hilo halimhusu. Mgeta humwaga maji yake katika Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaotegemewa kwa sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam na baadhi ya miji ya Pwani. Tope linaloonekana Kisaki hushuka kuelekea huko huko.

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, msimu unaoogopwa na wenye nyumba ni wa baridi kali. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na bomba likakosa nafasi, likapasuka. Kwetu, ukiacha maeneo machache ya nyanda za juu kama Kitulo ambako sakitu huanguka, adui wa bomba ni mvua.

Wengi hudhani kuwa bomba linalovuja hupoteza maji tu. Ndivyo ilivyo wakati maji yanatoka kwa msukumo. Lakini mgawo unapoanza, au umeme unapokatika na pampu za mtambo kusimama, msukumo ndani ya bomba hushuka. Maji yaliyosalia yakiteremka kuelekea maeneo ya chini, bomba hubaki likivuta, mfano wa mrija wa soda. Ufa uliokuwa ukitoa maji safi jana, leo huingiza chochote kilichouzunguka. Wakati wa kiangazi kilichouzunguka ni vumbi; wakati wa masika ni maji ya dimbwi, na penye vyoo vilivyofurika ni kinyesi.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi, Morogoro ukiwemo. Aprili 2024, Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aliliarifu Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini kutokana na mvua na mafuriko ya msimu huo.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuusaka uvujaji kabla ya mwezi Machi. Usiku, watu wanapolala, funga koki zote, kisha andika namba iliyo kwenye mita. Asubuhi, kabla mtu hajafungua maji, isome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panapovuja, isipokuwa kama tangi au kisima cha choo kilikuwa kikijijaza. Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipa bili maradufu kwa miezi miwili, akimlaumu msoma mita, kumbe bomba lilikuwa limepasuka chini ya sakafu ya bafu. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takribani ndoo ya lita 20 kwa siku, na mara nyingi dawa yake ni mpira wa bei ndogo tu.

Baada ya hapo, tembea kulifuata bomba kutoka kwenye mita hadi nyumbani. Mvua huchimba udongo na kuliacha bomba la plastiki likiwa wazi, ambapo jua hulidhoofisha na magurudumu hulikanyaga. Lifukie upya, na linapokatiza mfereji liwekwe ndani ya bomba kubwa zaidi la kulikinga. Penye udongo wa mfinyanzi, ardhi huvimba ikilowa na kunywea ikikauka, hivyo maungio ndiyo huachia kwanza. Bomba linalopita ndani ya mtaro wa maji machafu lihamishwe. Hapo hakuna kiraka kitakachofaa. Pampu nayo isiunganishwe moja kwa moja na bomba la mtaa, kwa kuwa huvuta uchafu kupitia nyufa za mtaa mzima. Maji yaingie kwanza kwenye tangi la chini, ndipo yapandishwe.

Tangi huhitaji kuoshwa kabla ya masika na baada yake. Limwage, sugua tope lililotuama, lijaze tena. Kwa tangi la lita 1,000, lita moja ya dawa ya klorini isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5, inatosha. Fungua koki za nyumba hadi harufu isikike, zifunge, acha usiku kucha, kisha mwaga maji yote na usuuze. Maji hayo yasinywewe.

Siku ambayo maji yanatoka na rangi ya chai ya maziwa, funga koki ya kuingizia tangini ili tope lisijae humo. Maji ya kunywa yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe hadi yatokote. Vidonge vya klorini havifanyi kazi ipasavyo katika maji yenye tope. Wengi hukosea hapo, wakadhani wamejikinga.

Choo kikianza kutoa mlio wa mapovu, au maji yakipanda kupitia tundu la bafu, huenda karo limezidiwa na maji ya ardhini. Acha kumwaga maji mengi na mwite fundi, lakini usikimbilie kulinyonya. Karo la plastiki likiwa tupu katika ardhi iliyolowa huweza kuelea na kuyakata mabomba yake. Subiri maji ya ardhini yapungue.