Kigogota wa Vitawi Vyembamba

Mtu akiona ndege mwenye utosi mwekundu akigonga mti, husema "kigogota" na mambo yakaishia hapo. Lakini wekundu huo ndio unaopotosha. Kwenye migunga ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania wapo vigogota kadhaa wenye wekundu kichwani. Mmoja wao, Dendropicos fuscescens, ambaye Waingereza humwita kadinali, ana urefu wa sentimita 15 hivi na uzito wa gramu 20 hadi 31. Kwa umbo hampiti shomoro.

Anza na kifua. Cha kadinali ni cheupe-cheupe chenye michirizi myeusi ya wima. Cha kigogota wa Nubia, jirani yake mkubwa, kina madoa. Kisha tazama paji: la kadinali ni la kahawia, awe dume au jike. Dume ana wekundu kuanzia utosini hadi kisogoni. Jike kisogo chake ni cheusi, hana wekundu hata tone (aliyetoa jina la kadinali bila shaka alimtazama dume tu). Jike wa Nubia, kinyume chake, ana kisogo chekundu, na dume wake huongeza mstari mwekundu shavuni, mithili ya sharubu. Kadinali hana sharubu nyekundu kamwe.

Ndege akikataa kutulia, tazama anakolia chakula. Wepesi wa kadinali ndio riziki yake. Vigogota wakubwa huhitaji shina au tawi nene la kuegemea. Yeye hupekua vitawi vikavu, vichaka, hata mabua ya mahindi shambani, akitafuta mabuu ya mbawakawa yaliyojificha ndani. Vidole viwili mbele na viwili nyuma humshika, mkia mgumu humwegemeza. Wa Nubia huelekea zaidi kwa sisimizi na mchwa.

Mara nyingi kadinali hutembea na mwenzi wake, au hujiunga na kundi la ndege wa aina mbalimbali wanaopita mtini pamoja. Shimo la kutagia hulichonga kwenye mti uliokufa, mara nyingi upande wa chini wa tawi lililoinama, na dume na jike hupokezana kuatamia.

Kugonga kwake ni kwa chini sana. Kinachomfichua ni mlio wake mwembamba, mkali, wa kufululiza. Ukiusikia kwenye shamba lililovunwa, usiinue macho juu ya miti. Anza na mabua.