Uzito wa Mwili na Kichefuchefu Baada ya Upasuaji

Kichefuchefu na kutapika ni miongoni mwa mambo yanayowasumbua sana wagonjwa wanapozinduka kutoka katika usingizi wa dawa. Takriban wagonjwa 30 kati ya 100 hupatwa na hali hiyo ndani ya saa 24 za kwanza. Kutapika huzidisha maumivu, huvuta mishono, hupunguza maji mwilini na huchelewesha mgonjwa kurudi nyumbani.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtu mnene hutapika zaidi. Hoja ilikuwa kwamba dawa za usingizi za kuvutwa huyeyuka katika mafuta na kubaki mwilini kwa muda mrefu. Hata hivyo, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2001 hayakuthibitisha kwamba uzito mkubwa, peke yake, huongeza hatari hiyo.

Vigezo vyenye uzito ni vingine. Mwaka 1999, daktari Christian Apfel na wenzake walibainisha vinne: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika baada ya upasuaji au kuchafukwa na moyo safarini, na kutumia dawa za maumivu za jamii ya morfini baada ya upasuaji. Asiye na kigezo chochote ana uwezekano wa takriban asilimia 10. Mwenye vyote vinne hufikia takriban asilimia 80. Hata hivyo, hii si sababu ya kuvuta sigara, kwani moshi hudhuru mapafu na huchelewesha kidonda kupona.

Kwa hiyo, mhudumu anayemkadiria mgonjwa kwa umbo huweza kumsahau mwanamke mwembamba ambaye hutapika kila apandapo basi, naye ndiye anayehitaji kinga zaidi. Kinga hiyo ni pamoja na deksamethasoni na ondansetroni, pamoja na kupunguza morfini kwa kutumia parasetamoli au ganzi ya sehemu. Uzito bado hupimwa, kwa kuwa huongoza vipimo vya dawa na uangalizi wa upumuaji.

Mgonjwa naye asinyamaze. Kabla ya upasuaji amweleze mtaalamu wa usingizi iwapo aliwahi kutapika baada ya upasuaji au husumbuliwa na safari. Maelezo hayo mafupi humsaidia mtaalamu kuliko namba inayoonekana kwenye mizani.