Je, Nyaya za Umeme Huwaletea Watoto Saratani?

Mzazi aliyepanga chumba karibu na transfoma, au jirani na nguzo ndefu za umeme mkubwa, yamkini amekwisha kuambiwa kwamba nyaya hizo huwatia watoto saratani ya damu. Maneno hayo, ndugu msomaji, hayakuzuka hivi hivi.

Mwaka 1979 Nancy Wertheimer na Ed Leeper walichapisha utafiti wao wa Denver, Marekani. Walikuwa wamezichunguza nyumba za watoto waliofariki kwa saratani, wakaona kwamba nyingi zilikuwa karibu na nyaya zipitishazo umeme mwingi, kuliko nyumba za watoto wengine.

Umeme wa majumbani mwetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kwa mawimbi, huo ni mwendo wa polepole mno: wimbi moja lina urefu wa kilomita 6,000, wala halina nguvu ya kuharibu chembe za mwili kama ifanyavyo eksirei. Lakini kila waya wenye mkondo huzungukwa na nguvu ya sumaku, nayo hupenya ukuta. Hiyo ndiyo iliyotiliwa shaka.

Mwaka 2000 tafiti 9 ziliunganishwa, zenye watoto wagonjwa 3,247. Katika kila watoto 1,000, kama 992 waliishi penye sumaku iliyo chini ya mikrotesla 0.4, wala hawakuonekana kuwa na hatari zaidi. Kwa wale wachache waliobaki, hatari ilikuwa kama maradufu. Ndipo mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilipoiweka sumaku hiyo miongoni mwa vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Lishike neno hilo “huenda”, maana maabara hazijaonyesha ni kwa njia gani.

Tena, kumbukumbu za Uingereza za 1962 hadi 2008, zilizotolewa mwaka 2014, zilitatanisha mambo. Waliozaliwa karibu na nyaya kubwa waliugua zaidi miaka ya 1960 na 1970, kisha tofauti hiyo ikafifia. Nyaya hazikuacha kupitisha umeme! Kama sumaku ndiyo mkosaji, mbona iliacha? Watafiti wakageukia mabadiliko ya wakazi wenyewe.

Nguvu hiyo hupungua upesi kwa umbali. Ukitaka kukisogeza kitanda cha mtoto mbali na ukuta wenye mita, kisogeze, hakuna gharama. Ila chini ya nyaya kubwa usijenge kamwe, kwa sababu nyingine kabisa: waya ukikatika, huua papo hapo.