Umeachiwa nyumba ufukweni ugenini? Jikinge kwanza

JE, msomaji, umewahi kupata bahati hii? Mwenye nyumba karibu na bahari katika nchi nyingine anasafiri, naye anatafuta mtu wa kukaa humo bila kulipa kodi, mradi amtunzie nyumba na mbwa wake. Badala ya siku tatu za haraka hotelini, unapumzika mwezi mmoja au miwili.

Hilo ni jambo jema kwa afya. Hata hivyo, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mlinda nyumba hupewa jembe siku ya kwanza, na hatari zake ni za mwenyeji, si za mtalii.

Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa Nairobi, alikaa wiki sita Tofo, mji mdogo wa pwani karibu na Inhambane, Msumbiji. Alimeza dawa za kuzuia malaria wiki tatu, kisha akaacha kwa kuona amezoea mahali. Siku kumi baada ya kurudi alishikwa na homa. Alidhani ni mafua, akanywa dawa za maumivu siku nne. Alipoletwa kwangu alikuwa akiweweseka. Ilikuwa malaria kali, na alipona kwa shida baada ya kulazwa.

Mtu aliyekulia Nairobi hana kinga ya malaria. Aliyekulia Kisumu au Kilifi naye huipoteza akikaa mjini miaka mingi. Ukipewa doksisaiklini, anza siku moja au mbili kabla ya kusafiri, meza kila siku, na uendelee wiki 4 baada ya kuondoka, kwa maana vijidudu hujificha kwenye ini. Imeze kwa maji mengi na ujikinge na jua, kwani hufanya ngozi iungue upesi. Haiwafai wajawazito wala watoto wadogo. Daktari atawapa nyingine. Lala ndani ya chandarua na ufunike mapipa ya maji.

Sasa yule mbwa. Kabla hujakubali kazi, omba kuona cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo. Usingoje uone kama mbwa ataugua. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Vaa viatu pia mbwa wanapotembea mchangani, kwani minyoo yao hupenya ngozi ya miguu.

Msumbiji hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri kutoka Kenya. Chanjo hiyo huchomwa angalau siku 10 kabla ya kufika, na tangu 2016 cheti hudumu maisha yote. Wenye kisukari au shinikizo la damu wabebe dawa za kutosha muda wote pamoja na barua ya daktari.

Ukirudi nyumbani kisha ukapata homa, hata baada ya miezi miwili, pimwa damu siku hiyo. Usisahau kumwambia daktari ulikotoka. Huenda neno hilo moja likaokoa maisha yako.